Barabara ya Kusini ipimwe kwa siku inazopitika

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Kusini, lazima upite Mbagala. Hapo ndipo mabasi ya Lindi, Mtwara, Masasi na Newala hujaza nafasi za mwisho kabla ya kuifuata Barabara ya Kilwa: Mkuranga, Kimanzichana, Bungu, Kibiti, Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, halafu Nyamwage, Somanga, Nangurukuru, Kiranjeranje, Mchinga, hadi Lindi. Mbele kidogo ya Lindi, pale Mingoyo, njia zinaachana: mmoja anashika ya Mtwara, mwingine anapanda Masasi. Hadi Mtwara mjini ni takriban kilometa 555, na leo lami imetandikwa mwanzo hadi mwisho. Aliyepanda basi alfajiri anakula chakula cha usiku kwao.

Kwa hesabu ya lami, basi, Kusini kumeshaunganishwa na nchi nzima. Kwa hesabu ya safari, bado. Mapema Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, mvua yake ilikata barabara hii sehemu kadhaa za Wilaya ya Kilwa, Somanga ikiwa ndiyo iliyotajwa zaidi, na kwa siku kadhaa hapakuwa na gari lililotoka Dar es Salaam likafika Lindi kwa njia ya moja kwa moja. Aprili 2025 maji yakakata tena Somanga. Mara ya kwanza alikwenda Waziri wa Ujenzi wa wakati ule, Innocent Bashungwa, akapiga kambi na wahandisi wa TANROADS, wakala wa barabara kuu nchini. Mara ya pili akaenda aliyempokea wizara, Abdallah Ulega. Kazi iliyofanyika usiku na mchana kurudisha njia ilionekana, na waliosimama kwenye matope yale wanastahili shukrani. Ninachohoji ni kwa nini waziri wa pili alilazimika kwenda palepale alipokwenda wa kwanza.

Ukitaka kuielewa Somanga, geuza uso magharibi. Huko kuna vilima vya Matumbi. Mvua ikinyesha juu yake, maji hayana safari ndefu: yanashuka kwa kasi kwenye makorongo, yanafika uwanda mwembamba wa pwani, na baharini si mbali. Barabara yenyewe inakwenda kaskazini–kusini. Maana yake ni kwamba kila mto, kijito na korongo la ukanda ule lazima lipite chini ya lami. Mahali penye daraja pana, maji yanapita. Mahali penye kalavati dogo, tuta la barabara linageuka bwawa ambalo hakuna aliyekusudia kulijenga. Maji yanapanda upande wa magharibi, magogo na matete yanaziba mdomo wa kalavati, kisha maji yanatafuta njia ya juu. Yakishapita juu ya lami yanaanza kuchimba upande wa pili, yanakula kifusi, na tuta linaporomoka kutoka nyuma. Na ikiwa siku hiyo bahari nayo imejaa, maji ya mto hayana pa kumwagikia.

Pita eneo hilo wakati wa kiangazi ushuke kwenye kalavati mojawapo. Chini utakuta mchanga mkavu wenye nyayo za mbuzi. Inua macho hadi karibu na ukingo wa zege, utaona nyasi kavu, vijiti na vipande vya mifuko vimenasa juu kuliko kimo cha mtu. Hapo ndipo maji ya masika yalipofika. Mkulima wa kijiji jirani hahitaji kipimo kingine. Akiulizwa maji yatapita wapi mwakani, ataonyesha kwa mkono.

Wahandisi nao wana hesabu zao. Kalavati au daraja hubuniwa kwa kukadiria mafuriko yanayotarajiwa kutokea mara moja katika kipindi fulani cha miaka, iwe 10, 25, 50 au 100. Kipindi kikiwa kifupi, gharama inashuka leo na hatari inapanda kesho. Hesabu hiyo hutegemea kumbukumbu za mvua zilizopita na hali ya ardhi ilivyokuwa wakati wa usanifu. Vyote viwili vimebadilika. Mashamba ya ufuta yamepanuka, mkaa umechomwa, mifugo iliyohamishwa kutoka bonde la Ihefu miaka ya 2006 na 2007 ilielekezwa Lindi na Pwani, na miteremko iliyokuwa na vichaka vya kushika maji haina tena. Mvua ileile ikinyesha leo, maji yake yanafika barabarani mapema zaidi na kwa pamoja.

Hapa kuna jambo la historia ambalo naona tunalipita haraka. Kwa karne nyingi njia za Kusini hazikwenda kaskazini–kusini hata kidogo. Zilikwenda magharibi–mashariki, kutoka bara hadi baharini. Kilwa Kisiwani, aliyoifikia Ibn Battuta mwaka 1331, iliishi kwa bahari. Kilwa Kivinje iliyoipokea nafasi yake katika karne ya 19 ilikuwa mwisho wa misafara ya watumwa na pembe za ndovu iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa. Lindi na Mikindani vilevile. Aliyetaka kwenda Zanzibar au Mzizima, Dar es Salaam ya sasa, alipanda jahazi. Nchi kavu kati ya Rufiji na Kilwa haikuwa njia kuu ya mtu yeyote.

Wajerumani hawakuibadilisha hali hiyo. Reli walijenga Tanga na ile ya Kati; Kusini walitaka pamba, na pamba ilishuka pwani kwa vichwa vya watu. Ndiyo maana Vita vya Maji Maji vilianzia hapahapa. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na mwisho wa mwezi wakashuka Samanga, hii tunayoiita Somanga, wakateketeza kituo cha biashara. Siku chache baadaye, tarehe 4 Agosti, Kinjeketile Ngwale alinyongwa Mohoro. Abiria wa basi la Mtwara anapita Mohoro na Somanga kabla ya saa sita mchana, na hakuna kibao cha kumwambia kuwa amepita mahali vita vikubwa kuliko vyote dhidi ya utawala wa Kijerumani nchini vilipoanzia.

Waingereza nao walipoleta mradi wao mkubwa, ule wa karanga uliozinduliwa mwaka 1947, walifuata mstari uleule wa bara kwenda baharini. Nachingwea ilifyekwa, bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, na reli ikatandikwa kati yake. Mradi ukafa mwaka 1951 kabla reli haijapata mzigo wa maana. Mapema miaka ya 1960 treni zilisimama na mataruma yakang'olewa. Lindi na Mtwara zikaingia katika uhuru zikiwa na bandari nzuri, uwanja mkubwa wa ndege Nachingwea, na njia ya kwenda makao makuu ya nchi iliyotegemea kiangazi.

Kisha ikaja vita vya ukombozi ng'ambo ya Ruvuma. Kuanzia 1964 hadi 1974 Kusini kulikuwa nyuma ya mstari wa mapambano. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao Nachingwea, na vijiji vya mpakani viliishi na hofu ya ndege na mabomu ya Wareno. Watu wa Kusini walilipa gharama ya uhuru wa Msumbiji kwa miaka kumi, na vita ilipokwisha nchi ilikuwa inaelekea kwenye miaka migumu ya uchumi. Barabara ikasubiri.

Wanaokumbuka usafiri wa wakati huo hawahitaji kuulizwa mara mbili. Masika yakianza, magari yalikwama uwanda wa Rufiji kwenye udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Pale Ndundu kulikuwa na pantoni. Mto ukijaa, pantoni husimama. Pantoni ikisimama, foleni ya malori na mabasi hulala, na abiria hulala nayo, na akina mama wenye watoto wachanga wakitafuta maji ya kunywa vijijini. Wengi waliona heri meli. Mgonjwa wa rufaa aliyetakiwa Muhimbili alisubiri mto upungue, au ndugu zake walianza kuuza kitu wapate nauli ya ndege.

Daraja la Mkapa, lililofunguliwa Agosti 2003, lilimaliza adha ya pantoni. Lina urefu wa takriban meta 970, na wakati linafunguliwa lilikuwa miongoni mwa madaraja marefu kabisa ya ukanda huu wa Afrika. Benjamin Mkapa alikuwa mtoto wa Lupaso, Masasi. Naliheshimu daraja lile kwa sababu lilibuniwa kwa kufuata ukubwa wa mto. Rufiji umefurika mara nyingi tangu hapo, ikiwa ni pamoja na Aprili 2024, wananchi wa Kibiti na Rufiji walipopoteza nyumba na mashamba, na daraja likabaki limesimama.

Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya daraja, gesi ya Songo Songo ilianza kufika Ubungo. Bomba lake linatoka kisiwani, linapita chini ya bahari kilometa 25, linaingia nchi kavu Somanga, kisha linasafiri kilometa 207 hadi Dar es Salaam. Tangu siku hiyo gesi ilitoka Somanga hadi jijini bila kukwama, masika na kiangazi. Abiria wa Somanga hakuwa na bahati hiyo. Kutoka Ndundu hadi Somanga, kilometa 60 tu, barabara ilibaki ya vumbi na matope kwa zaidi ya miaka kumi baada ya daraja kufunguliwa. Upande wa Dar es Salaam lami ilifika, upande wa Lindi lami ilifika, katikati pakabaki. Kazi ilipoanza ilisuasua, tarehe za kukamilika zikasogezwa na kusogezwa tena, na lami ilikuja kukamilika katikati ya miaka ya 2010.

Ndiyo maana sikushangazwa na hasira ya Mtwara mwaka 2013, watu walipoingia barabarani wakisema gesi haitoki. Waliokuwa Dar es Salaam wengi waliiona kama ubinafsi wa mkoa mmoja. Uharibifu wa mali na vifo vilivyotokea siwezi kuvitetea. Lakini mtu ambaye bomba la pili lilikuwa linapangwa kupita kwake kwenda kaskazini, huku kilometa 60 za barabara yake hazijaisha, alikuwa na hesabu aliyoweza kuiona kwa macho. Serikali ilijibu kwa hoja za umiliki wa rasilimali za taifa. Hoja zile zilikuwa sahihi, ila hazikumfikisha mtu Mbagala.

Kwa hiyo ninaposema barabara hii ipimwe kwa siku inazopitika, sidai kitu kipya. Nadai kipimo kilekile tunachokitumia kwa bomba na kwa nyaya za umeme. Hakuna anayesifu bomba la gesi kwa urefu wake kama gesi haifiki. Taarifa ya barabara inayosema kilometa 555 za lami bila kusema ni siku ngapi za mwaka gari limeshindwa kupita haimsaidii mwenye lori la nyanya, wala mwenye mgonjwa, wala mwalimu aliyepangiwa Liwale.

Njia ikikatika, gharama yake ni kubwa kuliko inavyosikika kwenye taarifa ya habari. Mwaka 2024 aliyetaka kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam kwa gari ilimbidi azunguke Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Makambako, Iringa na Morogoro. Hiyo ni zaidi ya kilometa 1,500, karibu mara tatu ya safari ya kawaida. Kuna nafuu moja hapo: kama lami ya Masasi hadi Songea isingekuwa imekamilika, hata mzunguko huo usingekuwepo. Wengine walisubiri. Mabasi yakafika kila moja upande wake, na maji yalipopungua kidogo abiria wakaanza kufaulishwa: unashuka na mabegi yako, unavuka kwa miguu kwenye kifusi kilichomwagwa jana, unapanda basi jingine ng'ambo. Mizigo mikubwa inabaki. Nauli ya mtu wa kukubebea gunia haina bei elekezi.

Wapo wanaosema mvua za 2024 zilikuwa za kihistoria, na hakuna barabara inayoweza kujengwa kwa ajili ya kimbunga. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Kimbunga kutua pwani yetu ni jambo la nadra. Lakini nadra si kigeni. Mwaka 1952 kimbunga kiliipiga Lindi, na Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipita jirani kabisa, kikatua Cabo Delgado baada ya watu wa Mtwara kuwa wameshaambiwa wajiandae. Zaidi ya hayo, Aprili 2025 Hidaya haikuwepo, na Somanga ikakatika. Kalavati lililoshindwa na kimbunga tunaweza kulisamehe. Eneo linaloshindwa na masika ya kawaida mwaka unaofuata linatuambia kwamba ukubwa wa njia ya maji ulikosewa tangu mwanzo, au kwamba marekebisho ya muda yalichukuliwa kama ya kudumu.

Serikali imeshatia saini kandarasi za kuweka madaraja makubwa mahali pa makalavati katika maeneo yaliyoathirika mkoani Lindi. Huo ni uamuzi sahihi, na nausema wazi kwa sababu upo mtazamo kwamba fedha hizo zingekwenda kwenye barabara mpya. Barabara mpya zinahitajika. Ile ya Mtwara–Tandahimba–Newala–Masasi, kilometa 210 zinazopita katikati ya korosho, imechelewa kupita kiasi. Kipande cha kwanza cha kilometa 50 hadi Mnivata ndicho kilichotangulia, na waliobaki wamemeza vumbi miaka yote. Lakini korosho ya Newala ikishafika Mtwara kwa lami, na mbolea yake inayotoka Dar es Salaam ikazuiwa Somanga, mkulima amepata nusu ya barabara.

Korosho yenyewe inatuleta kwenye uzito. Barabara ya Kusini ilisanifiwa kabla ya mizigo inayobebwa sasa. Kiwanda cha saruji cha Dangote, Mtwara, kilianza uzalishaji mwishoni mwa 2015 kikiwa na uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, na saruji inayouzwa Dar es Salaam lazima isafiri. Makaa ya mawe ya Ruvuma yanashuka kwa malori kutoka Songea hadi bandari ya Mtwara. Biashara zote mbili ni halali na zina faida kwa mkoa. Swali ni njia. Mtwara ina bandari ya asili yenye kina kirefu na gati jipya la meta 300. Agizo la Rais Samia Suluhu Hassan kwamba korosho isafirishwe nje kupitia bandari hiyo badala ya kupelekwa Dar es Salaam kwa malori lilikuwa na maana kwa bandari, lakini lilikuwa na maana zaidi kwa barabara. Kila meli inayopakia Mtwara inaipunguzia lami ya Kibiti mamia ya ekseli. Natamani saruji nayo ifikiriwe hivyo: meli za pwani kati ya Mtwara na Dar es Salaam ziwekewe tozo za bandari zinazomshawishi mfanyabiashara, kwa sababu gharama ya kukarabati barabara tunayoilipa sote haionekani kwenye bei ya lori.

Na hapa historia inaweza kutufaa kwa vitendo. Bahari ilikuwa njia ya Kusini kabla ya lami, na bado ipo. Mabaharia wa Kilwa na Lindi wangecheka wakisikia kwamba mkoa wenye pwani ndefu namna ile unaweza kukosa dizeli kwa sababu kijito kimoja kimejaa. Meli moja ya abiria na mizigo inayofanya safari za uhakika kati ya Dar es Salaam, Kilwa Masoko, Lindi na Mtwara ingeifanya barabara isiwe tegemeo pekee.

Kwa upande wa nchi kavu, yapo mambo ambayo hayasubiri mfadhili. Kila kalavati kati ya Ndundu na Mto Mbwemkuru lipewe namba, na ijulikane hadharani ni la ukubwa gani, lilibuniwa kwa mafuriko ya miaka mingapi, na maji yalifika wapi mwaka 2024. Wanakijiji walipwe kuzibua midomo ya makalavati kuanzia Oktoba, kabla ya vuli, kwa sababu gogo lililoachwa pale Novemba ndilo linalokata barabara Aprili. Vipimo vya mvua viwekwe juu Matumbi, siyo pwani peke yake, ili dereva azuiwe Nangurukuru au Ikwiriri kwenye chakula na malazi kabla hajaingia kati ya mikondo miwili ya maji. Mizani ifanye kazi saa 24 bila simu za wakubwa. Na Wizara ya Ujenzi ikisoma bajeti yake bungeni, itaje kwa kila barabara kuu idadi ya siku ilizofungwa mwaka uliopita, mahali ilipofungwa, na kama mahali hapo palifungwa pia mwaka uliotangulia. Wabunge wa Lindi na Mtwara wanaweza kuidai orodha hiyo bajeti ijayo. Somanga itakuwa na mistari yake miwili.